Msiipake Stempu Wanja

Yuko mtu mmoja katika mji wetu wa Tanga, niliyefahamiana naye tangu siku za kubadilishana stempu barazani, ambaye husema kwamba picha ya stempu katika mnada wa intaneti ni sawa na nguo ya bibi harusi. Hakuna, asema, anayemtoa bibi harusi mbele za watu na nguo za jikoni. Watu hucheka, nami zamani nilicheka pamoja nao. Leo sicheki. Neno hilo limewapotosha vijana, limewala fedha wanunuzi wa mbali, na limemtia aibu mwanamke mmoja asiye na kosa lolote. Nimeona heri niandike kulipinga, hata kama mwenyewe atalisoma andiko hili na kuninunia.

Ndugu msomaji, yamkini wewe si mkusanyaji wa stempu, na jambo hili laweza kuonekana kwako ni dogo kama stempu yenyewe. Nivumilie kidogo. Zamani stempu iliuzwa kwa macho na kwa mkono. Mnunuzi aliishika kwa kibano, akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa kioo cha kukuzia, ndipo akataja bei. Tangu ilipoanzishwa minada ya intaneti, kama ile ya eBay mwaka 1995, mnunuzi yuko Hamburg au Toronto na stempu iko Tanga. Hana kibano, hana dirisha, hana kioo. Ana picha tu. Kwa hiyo picha imechukua nafasi ya macho yake na mikono yake. Anayeichezea picha hiyo hapambi bidhaa. Anamfumba mwenzake macho kisha anamwuliza anaona nini.

Nilijifunza hayo kwa njia ya aibu. Rafiki yangu, aliyekuwa karani bandarini, alifariki akamwachia mkewe albamu tatu za stempu. Alizikusanya kwa miaka zaidi ya arobaini: nyingine kutoka kwa mabaharia, nyingine kutoka kwenye bahasha za wafanyabiashara wa Kihindi, nyingine tulibadilishana mimi na yeye. Baada ya arobaini ya marehemu kupita, mjane aliniita. Paa la nyumba lilikuwa limeoza upande wa nyuma, na masika ilikuwa mbele yetu. Alizifungua zile albamu akaniambia, "Shemeji, ninyi ndio mliokuwa mkikesha na karatasi hizi. Nitazamie. Je, zitafika mabati ishirini?"

Nilimwambia tutajaribu. Kwa kuwa mimi si hodari wa mambo ya intaneti, nilimwita mpwa wangu, kijana mwenye simu nzuri na mikono myepesi. Alizitandika stempu juu ya shuka jeupe usiku, chini ya taa ya tyubu, akazipiga picha moja baada ya moja. Kisha akaziingiza katika programu ya kurembesha. Akaongeza weupe, akakoleza rangi, akakata kingo zote ili ibaki ile sura tu, akafuta na madoa mawili matatu. "Mjomba, ona zinavyong'aa!" Nikaona. Na mimi, mzee mzima niliyejua kila ambacho kijana yule hakukijua, nikamsifu.

Stempu ziliuzwa haraka. Baada ya majuma kadhaa ya kwanza ikarudi, na pamoja nayo mistari mitatu ya mnunuzi. Rangi si ile aliyoiona. Kona ya chini imepungukiwa na jino. Mgongoni gundi ina madoa ya kahawia ya unyevu. Halafu akauliza kwa adabu kali kama kazi yetu ni hii siku zote. Ikafuata ya pili, ikafuata ya tatu. Fedha zilirudishwa, gharama za posta za kwenda na kurudi zikatoka katika fungu la mjane, na hapo tulipouzia kukaandikwa kwamba muuzaji huyu si mwaminifu.

Nilikwenda kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwani mliwaambia uongo, shemeji?"

Nikamjibu, "Hatukusema kitu. Picha ndizo zilizosema."

Akauliza, "Na picha alizipiga nani?"

Sikuwa na jibu siku ile. Jibu langu ni andiko hili.

Sasa niwaendee wale wanaotetea kuremba. Hoja yao ya kwanza ni kwamba picha ni tangazo, na kila tangazo hupambwa. Sabuni hupambwa, soda hupambwa, kwa nini stempu isipambwe? Nawajibu hivi: soda iliyomo picha si ile utakayokunywa. Chupa zote ni sawa, na picha moja inasimama badala ya maelfu. Stempu ya zamani si hivyo. Muuzaji anaposema "nauza hii", anakusudia hii moja, yenye kona hii, mhuri huu na doa hili. Picha yake haimwiti mteja tu. Ni ushahidi wa kitu kimoja kinachojulikana. Mfanyabiashara huruhusiwa kupamba tangazo. Shahidi haruhusiwi kupamba ushahidi.

Hoja ya pili husema: mnunuzi afumbue macho, kwani soko si msikiti. Hili ndilo neno la ujanja kuliko yote, maana waliolisema ndio waliozima taa. Wanakata kingo, halafu wanamlaumu mtu kwa kutoyaona meno. Hawaonyeshi mgongo, halafu wanamwuliza kwa nini hakuutazama. Muuza samaki wa feri akimwagia maji samaki wake, walau mnunuzi anaweza kuinua shavu la samaki akatazama wekundu. Stempu ya intaneti haina shavu la kuinuliwa isipokuwa muuzaji aliinue mwenyewe.

Hoja ya tatu ni ya wavivu, nayo husema: hayo mambo madogo hayana maana, stempu ni ile ile. Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu katika stempu mambo madogo ndiyo stempu yenyewe.

Chukua stempu ya senti 5 ya Kenya, Uganda na Tanganyika ya mwaka 1935, yenye picha ya jahazi katika Ziwa Victoria. Ziko za aina mbili. Katika aina moja kamba ya chombo imeungana na tanga. Katika nyingine kamba imekoma kabla ya kulifikia. Tofauti yake ni mstari mwembamba kuliko unywele, na bei zake si sawa. Mpige picha jahazi huyo kwa mbali, kisha uikoleze picha kwa programu, nayo itakuchorea kamba mahali isipokuwapo au itakufutia iliyopo. Hukusema uongo kwa kinywa, lakini umeliunga tanga ambalo mchoraji hakuliunga.

Au chukua zile za Mfalme George wa Sita zilizoanza mwaka 1938 na kuendelea kuchapishwa mpaka miaka ya mwanzo ya 1950. Sura ni ile ile, lakini zilitobolewa kwa mashine tofauti, na wakusanyaji huzitenga kwa idadi ya vitundu vinavyoingia katika sentimita 2 za ukingo. Yenye kipimo cha 14 si sawa na yenye kipimo cha 13 na robo, na kwa baadhi ya thamani pengo la bei ni kubwa. Sasa yule anayekata kingo ili "picha ipendeze" amekata kitu gani? Amekata kile kile ambacho mnunuzi amekuja kukihesabu.

Au tazama stempu kubwa za Kenya na Uganda za mwaka 1922, zilizopanda thamani mpaka pauni 100. Nani angeweka pauni 100 kwenye barua? Stempu hizo zilifaa kwa posta na kwa kodi pia, na nyingi zilibandikwa kwenye hati za mikataba zikakatizwa kwa kalamu au kwa mhuri wa ofisi. Kwa mkusanyaji, hiyo ina bei ndogo mno ukiilinganisha na iliyo safi. Basi wako waliozisafisha wino, wakazipaka gundi mpya, na wengine wakazigonga mihuri ya posta ya kughushi. Mara nyingi kinachobaki ni kivuli hafifu cha kalamu ndani ya karatasi. Picha ya kweli huonyesha kivuli hicho. Picha iliyoongezwa weupe humaliza kazi ambayo mghushi aliianza.

Na stempu za India zilizopigwa chapa ya neno Zanzibar mwaka 1895? Katika haraka ya kupanga herufi, baadhi zilitoka na makosa, na iko iliyosomeka "Zanzidar". Kosa hilo limewatajirisha wenye nalo, na limewavutia waghushi tangu zamani. Mwenye kujua hulitambua la kweli kwa umbo la herufi, unene wake na jinsi wino ulivyokaa. Ukizinoa herufi kwa programu, zote hupata makali ya namna moja, ya kweli na ya bandia, na jicho la mjuzi halina tena pa kushika.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko bei. Hawa warembeshaji wanadhani doa ni adui wa stempu. Mara nyingine doa ndiyo habari yake. Kule Vuga, katika milima ya Usambara, si mbali sana na hapa ninapoandika, kulikuwa na kiwanda cha uchapaji cha misioni. Mwaka 1916, katika vita, Wajerumani waliishiwa stempu, wakachapisha zao hapo, za heller 2½, heller 7½ na rupia 1. Kabla hazijatumika, meli iliyopenya kizuizi cha Waingereza ilileta stempu nyingine kutoka Ujerumani. Zile za Vuga zikafukiwa ardhini zisiangukie mikononi mwa adui, na baada ya vita zikafukuliwa na kuuzwa kwa wakusanyaji. Unyevu wa ardhi uliziharibu nyingi. Sasa niambie, mtu anayeziosha picha zake mpaka zikang'aa kama zilizotoka mtamboni jana, amezitengeneza au amezinyang'anya historia yake? Lile doa ni udongo wa nchi hii. Halihitaji kuombewa radhi.

Na mwenye kudhani kwamba uzuri ndio unaoleta fedha, na aitazame ile stempu ya senti 1 ya British Guiana ya mwaka 1856, ya rangi nyekundu ya zambarau, ambayo inajulikana moja tu duniani. Kona zake zimekatwa. Sura yake imechakaa na ina giza hata maandishi yake husomeka kwa taabu. Mbele ina herufi za karani aliyeitia saini, na mgongoni ina alama walizoziacha wenyeji wake mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2014 iliuzwa kwa dola milioni 9 na nusu za Marekani, na mwaka 2021 kwa zaidi ya dola milioni 8. Hakuna aliyehitaji kuipaka wanja. Kinyume chake ndicho kinachotuhusu: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Fauka ya hayo, picha huishi kuliko mauzo. Mkao wa mhuri, umbo la meno, na jinsi sura ilivyokaa kati ya kingo, vyote kwa pamoja hufanana na alama za vidole. Stempu mbili hazilingani. Kwa kulinganisha picha za minada ya zamani na za sasa, wakusanyaji wamegundua mara nyingi kwamba stempu inayouzwa leo ikiwa nzima ndiyo ile iliyouzwa juzi ikiwa imechanika. Imezibwa na fundi hodari, lakini picha ya kwanza imeshuhudia. Ukiipamba picha, hukumdanganya mnunuzi mmoja tu. Umemchafulia ushahidi kila atakayekuja kuuliza baadaye.

Baada ya mjane kuniuliza swali lile, tulizipiga picha upya zote, mimi na mpwa wangu, kwa siku nne. Nitaeleza tulivyofanya, ili mtu asiseme kwamba nalaumu bila kuonyesha njia.

Tuliazima skana, maana skana haina haraka wala haina mapenzi ya kurembesha kama simu. Tulifuta kioo chake kwa kitambaa kikavu. Stempu tukailaza kifudifudi kwa kibano, juu yake tukaweka karatasi nyeusi tii. Karatasi nyeusi ni jambo kubwa: juu ya shuka jeupe meno meupe hupotea, juu ya nyeusi unayahesabu yote, na lililokatika linajitangaza lenyewe. Tukachukua picha kwa nukta 600 kwa kila inchi, na pale penye jambo kama ile kamba ya jahazi, nukta 1200. Tukazima kila kitu katika skana kinachojirekebisha chenyewe, iwe rangi, iwe makali, iwe weupe. Tukaacha ukanda mweusi kuzunguka stempu yote. Kisha tukaigeuza na kuupiga mgongo wake, pamoja na gundi, vijikaratasi vya zamani vya kubandikia, na madoa. Stempu yenye gundi hatukuiacha ikae kwenye kioo, kwa sababu katika joto na unyevu wa pwani gundi hulegea na kushika.

Mikunjo ilitusumbua. Mwanga wa skana hupita juu ya mkunjo usiuonyeshe. Kwa hizo tulitumia simu karibu na dirisha, asubuhi, stempu ikiwa imelala na mwanga ukiingia kwa ubavu, simu ikiwa imesimamishwa juu ya vitabu viwili ili isiinamie upande mmoja na kuifanya stempu iwe kama mlango uliopinda. Halafu tukaandika kwa maneno, chini ya kila picha, kile tulichokiona: jino limepungua, karatasi ni nyembamba hapa, rangi kwa macho yetu ni kijani iliyofifia. Kwa maana kila kioo cha kompyuta kina rangi yake, na neno la kweli husaidia pale picha ya kweli inaposhindwa.

Mpwa wangu alinung'unika siku ya kwanza. "Mjomba, tunauza au tunaungama?" Nikamwambia tunafanya yote mawili.

Sitaki nionekane kama naleta sheria ngumu. Stempu za kawaida zinazouzwa kwa mafungu ya mia kwa bei ya chai hazistahili picha mbili mbili, na mnunuzi anayetaka mgongo wa kila moja kwa bei hiyo naye ana dhuluma yake. Kuinyoosha picha iliyopinda si uongo. Kuipunguza ukubwa ili ipite haraka kwenye mtandao si uongo, mradi ile kubwa unayo na unaitoa ukiulizwa. Mpaka wenyewe ni mwepesi kuujua: jiulize, je, mnunuzi akiishika stempu hii mkononi kisha akaitazama picha yangu, atasema "ndiyo hii"? Ikiwa utahitaji kumweleza, umeshauvuka.

Najua pia watakaoniambia kwamba mjuzi wa mbali humwona muuzaji wa kutoka Afrika kuwa ni mwizi hata kabla hajauza. Ni kweli, nami nimeionja dharau hiyo. Lakini hiyo ni sababu ya kuongeza ukweli, wala si ruhusa ya kuupunguza. Kila picha iliyopakwa wanja kutoka mji wetu inamthibitishia mwenye dharau dharau yake, na anayelipa ni yule atakayeuza baada yako, ambaye huenda ana paa linalovuja.

Zile stempu ziliuzwa polepole. Nyingine zilipata bei ndogo kuliko zile za mwanzo, na sitaficha hilo, kwani nitakuwa naremba picha nyingine. Lakini hakuna hata moja iliyorudi. Na yule mnunuzi wa kwanza, mwenye mistari mitatu, aliona picha mpya akanunua nne, ikiwamo ile ile aliyoirudisha, safari hii kwa jino lake lililokatika na madoa yake ya kahawia, na kwa bei iliyostahili.

Hazikufika mabati ishirini. Zilifika kumi na manne. Sita yaliyosalia tulichangiana, mimi na wenzangu wa baraza, na yule msemaji wa bibi harusi pia alitoa lake. Nami nalitaja hapa kwa sababu ni haki yake. Siku fundi alipomaliza kupigilia, mjane aliniletea albamu ya tatu, ambayo ndani yake zilibaki stempu chache zisizo na mnunuzi. Akasema niziweke mimi.

Ninazo mpaka leo. Nimezipiga picha zote, mbele na nyuma.